Kubana Pumzi Wakati wa Mionzi ya Titi: Jinsi ya Kuukinga Moyo na Mapafu

Moyo umekaa nyuma ya mbavu za kushoto, na sehemu yake ya mbele inakaribia kugusa ukuta wa kifua. Mwanamke mwenye saratani ya titi la kushoto anapopigwa mionzi, miale hupita kwenye titi, au kwenye kifua kilichobaki baada ya titi kuondolewa, ikaambaa kando ya moyo na kupitia kipande cha pafu. Pumzi ndefu hubadilisha mpangilio huo. Mapafu yakijaa hewa, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hushuka, moyo huvutwa chini na nyuma, na nafasi kati yake na mbavu hupanuka. Mionzi ikipigwa wakati pumzi imebanwa, sehemu kubwa ya moyo huwa imekwisha kuondoka njiani.

Wanawake wa Madibira, na wa vijiji vingine vya Usangu na Mufindi wanaopewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hurudia maswali yaleyale. Njia hii ni ya kweli? Inahitaji mashine gani? Pumzi ikikatika katikati, mionzi itachoma moyo? Mwenye pumu afanyeje? Majibu yake si magumu, na sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika nyumbani, juu ya mkeka, kabla ya kupanda basi.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani

Mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi kuhusu wanawake wa Sweden na Denmark waliopigwa mionzi ya titi kati ya 1958 na 2001. Kila grei moja ya wastani wa mionzi iliyoufikia moyo (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) iliongeza uwezekano wa ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Ongezeko hilo lilianza kuonekana ndani ya miaka 5 ya kwanza na kuendelea hata kufikia miaka 20.

Tarakimu hiyo ikitajwa peke yake hutisha kupita kiasi. Watafiti haohao walikadiria kwamba mwanamke wa miaka 50 asiye na tatizo lolote la moyo, akipata wastani wa grei 3 moyoni, uwezekano wake wa kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 80 hupanda kutoka asilimia 1.9 hadi asilimia 2.4. Hiyo ni nusu ya asilimia moja. Saratani inayoachwa kifuani bila tiba ni hatari mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mionzi haikataliwi kwa sababu ya moyo. Kinachotafutwa ni namna ya kuipata huku moyo ukiwa mbali nayo.

Faida ya kubana pumzi huwa kubwa zaidi kwa hawa:

- mwenye ugonjwa upande wa kushoto, hasa kama matezi yaliyo kando ya mfupa wa kidari nayo yatapigwa mionzi;
- mwenye shinikizo la damu, kisukari, au anayevuta sigara;
- aliyepewa doxorubicin, ile dripu nyekundu, au trastuzumab, kwa kuwa dawa zote mbili zinaweza kuudhoofisha moyo;
- mwanamke kijana, ambaye ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na matokeo.

Mwenye saratani ya titi la kulia mara nyingi haihitaji njia hii. Hata hivyo ini liko upande huo, chini ya kiwambo, na kwa baadhi ya wagonjwa hupanda hadi kuingia kwenye njia ya mionzi. Pumzi ndefu hulishusha. Aulize, asidhani kwamba suala hili halimhusu.

Maswali ya kuuliza kliniki

Daktari mwenye wagonjwa wengi hatasimulia kila kitu bila kuulizwa. Maswali yaandikwe kwenye karatasi, ndugu anayesindikiza ayashike:

- Nitatibiwa kwa mashine ya LINAC au ya kobalti?
- Kupanga mionzi kutatumia picha za CT?
- Hapa mnatibu kwa kubana pumzi? Kama hapana, moyo wangu utakingwaje?
- Nitapigwa mionzi mara ngapi?

Swali la mashine lina uzito. Ocean Road ilifungiwa mashine za LINAC mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa walitibiwa kwa kobalti 60. LINAC hutoa mionzi kwa kasi na inaweza kusimamishwa na kuwashwa tena papo hapo, kwa hiyo inaendana na pumzi ya sekunde chache. Chanzo cha kobalti 60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushei, na kadiri kinavyozeeka ndivyo mgonjwa anavyolala chini ya mashine muda mrefu zaidi. Kubana pumzi hapo ni taabu.

Swali la idadi ya siku lina uzito mfukoni. Mpango wa zamani ni grei 50 kwa mara 25, yaani wiki 5. Nchini Uingereza ilithibitishwa kuwa grei 40 kwa mara 15, wiki 3, zinatosha kwa wagonjwa wengi, na mwaka 2020 yakatoka matokeo ya grei 26 kwa mara 5 tu ndani ya wiki moja. Si kila mgonjwa anafaa mpango mfupi. Lakini kwa familia iliyosafiri zaidi ya kilomita 600, kupitia Mafinga, Iringa na Morogoro, tofauti ya wiki 5 na wiki 3 ni kodi ya chumba, nauli za daladala na chakula. Si aibu kuliuliza.

Mazoezi ya nyumbani

Pumzi inayotakiwa ni ya sekunde 15 hadi 20. Watu wengi huiweza, wakiwemo wazee, wakifanya mazoezi wiki moja au mbili. Kinachowashinda wengi ni kurudia pumzi ileile kila mara.

1. Alale chali juu ya mkeka au kitanda kisichobonyea, bila mto au kwa mto mwembamba, mikono yote miwili ikiwa juu ya kichwa. Hivyo ndivyo atakavyolazwa hospitali.
2. Apumue kawaida kwa dakika moja hivi hadi mwili utulie.
3. Avute pumzi na kuitoa mara mbili, taratibu.
4. Avute pumzi ndefu hadi kifua kijae vizuri, asifike mwisho kabisa wa uwezo wake. Ibaki nafasi kidogo.
5. Abane. Ndugu ahesabu kwa sauti akitazama saa ya simu. Siku za kwanza sekunde 10 zinatosha.
6. Aachie taratibu, apumzike mpaka pumzi irudi kawaida, kisha arudie. Mara 5 au 6 kwa zamu moja, zamu mbili kwa siku.

Akisikia kizunguzungu aache, alale kimya. Mazoezi haya hayafanywi mtu akiwa amesimama, wala ndani ya maji, wala kwa kuhema harakaharaka kabla ya kubana ili sekunde ziongezeke. Kuhema huko kunaweza kumfanya mtu azimie kabla hajahisi haja ya kupumua.

Mhesabuji atumie maneno atakayoyasikia mgonjwa hospitali: “Vuta pumzi. Shikilia. Pumua.” Jambo hili huonekana dogo. Ndani ya chumba cha mionzi mgonjwa hubaki peke yake, mlango mzito umefungwa, na sauti inamjia kwenye spika. Bibi aliyezoea Kihehe, Kibena au Kisangu anaweza kusikia “shikilia” akadhani ameambiwa ashike kitu kwa mkono. Akiwa amelisikia neno hilo kila jioni kwa wiki mbili kutoka kwa mjukuu wake, halimbabaishi tena.

Bega lisisahaulike

Wengi huhangaikia pumzi na kusahau mkono. Aliyepasuliwa na kuondolewa matezi ya kwapa huwa na bega gumu. Asipoweza kuinua mkono juu ya kichwa na kuutuliza hapo, hawezi kulazwa kwa mionzi ipasavyo, na tarehe yake inaweza kusogezwa mbele. Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, asimame akiutazama ukuta, apandishe vidole taratibu kama anayekwea, hadi pale panapovuta bila kuuma sana. Mahali vidole vilipofika pawekwe alama ya mkaa. Kesho yake alama nyingine, juu kidogo.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kuinua mgongo. Mgonjwa hujitutumua kama anayejiandaa kubeba gunia la mpunga: mgongo unainuka kitandani, mabega yanapanda, mashavu yanavimba. Kifua kinaonekana kimejaa, kumbe ni mgongo ulioinuka. Siku inayofuata mgongo hauinuki kiasi kilekile, na vipimo havilingani. Mgongo ubaki umegusa mkeka. Ndugu aingize kiganja chini ya kiuno kabla na baada ya pumzi, nafasi isibadilike.

Mengine:

- Kuvuta pumzi hadi mwisho. Pumzi ya namna hiyo hairudiwi mara tano sawasawa.
- Kuongeza hewa kidogo katikati pumzi inapoanza kuchoka. Afadhali kuiachia yote na kuanza upya.
- Kula sana muda mfupi kabla ya tiba. Tumbo lililojaa ugali hukinyima kiwambo nafasi ya kushuka.
- Kusugua alama zilizochorwa kifuani. Zile nukta ndizo zinazoongoza mashine.
- Kuficha kikohozi. Moshi wa kuni na vumbi la mashine za kukoboa mpunga huwaachia wengi kifua kibaya. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2 kipimwe kifua kikuu mapema, kabla ya safari.

Siku ya kupimwa na siku za tiba

Siku ya kupangiwa mionzi, mgonjwa hulazwa kwenye CT akapigwa picha akiwa amebana pumzi, na mara nyingi picha nyingine akipumua kawaida. Wataalamu hulinganisha. Kama moyo haukusogea vya kutosha, au pumzi haitulii, wataamua atibiwe akipumua kawaida. Mgonjwa asichukue uamuzi huo kama kufeli mtihani; maumbile ya vifua hutofautiana.

Siku za tiba, muda mwingi hutumika kumlaza sawasawa. Mionzi yenyewe hupigwa kwa vipande vifupi, kila kimoja ndani ya pumzi moja, na katikati kuna kupumzika.

Na pumzi ikikatika katikati? Hili ndilo linalowanyima watu usingizi, na jibu lake ni fupi. Wahudumu humwona kwenye kamera muda wote. Kwenye mashine zilizofungwa vipima pumzi, mionzi hujizima kifua kikishuka. Kwingine mhudumu huizima kwa mkono. Mgonjwa akishapumua hubana tena, na kipande kilichobaki hukamiliziwa kwenye pumzi inayofuata. Nusu sekunde ya kuchelewa, mara moja, haina madhara ya kutajwa. Kujikaza mpaka mwili utetemeke ndiko kubaya zaidi.

Vifaa vya kusaidia pumzi

Hospitali zenye uwezo hutumia vifaa vya namna mbalimbali. Kuna kiboksi kidogo kinachowekwa juu ya tumbo ili kamera ifuatilie kupanda na kushuka kwake. Kuna kamera zinazosoma ngozi ya kifua kwa mwanga. Kuna mrija wa mdomoni wenye kibanio cha puani, ambao hupima hewa iliyoingia na kufunga vali kiasi kilichopangwa kikifika. Mwenye mrija huo hupewa kitufe mkononi: akikiachia, vali hufunguka na anapumua.

Vifaa hivi ni ghali, na hapa kuna habari njema kwa nchi zetu. Hospitali ya Royal Marsden, Uingereza, ililinganisha njia ya mrija na njia ya mgonjwa kubana pumzi kwa hiari yake, wahudumu wakitazama tu alama za kifuani na mwanga wa mashine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa njia zote mbili ziliukinga moyo kwa kiwango kinachokaribiana, na pumzi ilirudiwa vizuri kwa njia zote mbili. Njia ya hiari ilikuwa ya haraka na nafuu zaidi, na wagonjwa waliipenda zaidi. Hospitali yenye LINAC na CT inaweza kuanza kwa njia hii bila kungoja kontena la vifaa kutoka nje. Kinachohitajika zaidi ni muda wa kumfundisha mgonjwa, na muda ndio unaokosekana pale foleni inapokuwa ndefu. Ndiyo maana mazoezi ya nyumbani yana thamani.

Kwa asiyeweza kubana pumzi kuna njia ya kusukuma hewa. Mashine ya CPAP, ileile inayotumiwa na watu wanaokatika pumzi usingizini, hupeleka hewa yenye mgandamizo kupitia barakoa. Mapafu hubaki yamejaa wakati wote mgonjwa akipumua mwenyewe, na moyo husukumwa chini. Imejaribiwa kwenye mionzi ya titi na kupunguza mionzi moyoni, ingawa bado si huduma ya kawaida. Mbali zaidi wamefika watafiti wa Birmingham: mwaka 2016 waliripoti kwamba wagonjwa waliopumuliwa kwanza kwa mashine na kupewa hewa yenye oksijeni ya asilimia 60 waliweza kubana pumzi moja kwa zaidi ya dakika 5. Hiyo ni kazi ya timu yenye mashine na vipimo kando ya kitanda. Haijaribiwi nyumbani kwa namna yoyote, wala si sababu ya mgonjwa wa Madibira kuuza ng'ombe aifuate ng'ambo.

Nani asibane pumzi

Mwenye pumu iliyotulia kwa dawa anaweza, akimweleza daktari na kubeba dawa yake ya kuvuta. Anayehema akitembea hatua chache, mwenye moyo uliokwisha kudhoofika, mwenye maji kwenye mapafu, au anayekohoa kila akivuta pumzi ndefu, asilazimishwe. Asiyesikia vizuri aseme mapema, kwa sababu maagizo yote huja kwa sauti. Baadhi ya hospitali zina taa au skrini ya kumwongoza.

Pale ambapo njia hii haipo

Kukosekana kwa kubana pumzi hakumaanishi moyo umeachwa wazi. Wapangaji wa mionzi wanaweza kugeuza pembe ya miale, au kuziba kwa madini ya risasi, au kwa vibamba vya mashine yenyewe, kipande kinachouelekea moyo. Mwenye titi kubwa ambaye hakukatwa titi anaweza kutibiwa akilala kifudifudi ili titi lining'inie mbali na mbavu. Mgonjwa aulize ni ipi itakayotumika kwake. Akijibiwa, akubali na tiba ianze.

Kosa baya kuliko yote yaliyotajwa ni kuahirisha. Wapo wanaosikia kuhusu teknolojia mpya wakaamua kungoja ifike karibu, na wapo wanaoanza tiba kisha wakarudi nyumbani katikati kwa sababu mpunga umeiva kwenye majaruba na hakuna wa kuamia ndege. Seli za saratani hutumia mapengo hayo kujijenga upya. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Hospitali ya Mulago, iliharibika, na wagonjwa wakakatishwa tiba bila kupenda. Mwenye mashine inayofanya kazi asijikatishie mwenyewe. Kama ratiba inaruhusu, familia ipange mapema nani atasimamia mavuno ya Mei hadi Julai, na siku mashine ikisimama kwa matengenezo mgonjwa abaki mjini na kuuliza siku zilizopotea zitafidiwaje.

Baada ya kurudi Madibira

Hata moyo ukikingwa, kipande kidogo cha pafu hupata mionzi. Mwezi wa kwanza hadi wa sita baada ya tiba, baadhi ya wagonjwa hupata kikohozi kikavu, homa ndogo na kubanwa kifua. Kwenye zahanati, dalili hizo hufanana na nimonia au kifua kikuu, na mgonjwa anaweza kumaliza dozi mbili za antibiotiki bila nafuu, kumbe ni pafu lililovimba kwa mionzi, ambalo hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa. Mganga hawezi kulijua hilo kama hajaambiwa. Kabla ya kuondoka hospitali, mgonjwa aombe karatasi ya muhtasari wa tiba inayoonyesha upande uliopigwa mionzi, kiasi, idadi ya siku na dawa za dripu alizopewa, atoe nakala, na aionyeshe kila anapokwenda kutibiwa kifua au moyo, hata ikiwa imepita miaka 15.